Usimwulize muuzaji umri wa kibao cha treni, kisome

MIONGONI mwa vitu vya kale vinavyouzwa kwa bei ya juu katika jiji la New York, Marekani, kuna kitambaa ambacho mtu asiyekijua angekidhania pazia lililochakaa. Ni kitambaa kirefu cheusi kilichoandikwa majina kwa herufi nyeupe, jina chini ya jina: Coney Island, Church Avenue, 207th Street, Far Rockaway. Zamani kilikaa ndani ya kisanduku chenye kioo, ubavuni au usoni mwa behewa la treni ya chini ya ardhi, kikimweleza abiria mahali treni hiyo itakapoishia. Msomaji aliyezoea kutazama nambari kwenye kioo cha matatu kabla ya kupanda anaielewa kazi yake. Tofauti ni kwamba kitambaa hiki kilibeba majina mengi kwa pamoja, yameviringishwa mithili ya gombo la maandiko, na mfanyakazi wa treni aliyazungusha kwa mkono wa chuma hadi jina lililotakikana likatokea kiooni.

Siku hizi magombo hayo yametoka relini yakaingia sebuleni na mikahawani. Watu huyatundika ukutani kama picha. Mamlaka ya usafiri ya jiji lenyewe huuza mabaki ya aina hii, na wapo wafanyabiashara wanaoyanunua ili wayauze tena. Penye wanunuzi wengi, walaghai hawakosi. Aidha, kuna nakala mpya zinazochapwa kwa ajili ya mapambo tu, na nyingine huishia mikononi mwa watu wanaoapa kwamba zilitolewa katika behewa la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Basi mnunuzi hukabiliwa na maswali mawili: gombo hili ni la reli gani, na ni la mwaka gani? Wengi huyajibu kwa kutazama uchakavu. Hiyo ni njia ya kujidanganya. Uchakavu hutengenezwa. Kitambaa kipya kikilowekwa katika chai na kuanikwa juani, baada ya siku chache huonekana mzee. Lakini kuna jambo moja ambalo mlaghai hawezi kulitengeneza kwa wepisi, nalo ni ujuzi. Kila gombo linajua mambo fulani na halijui mengine. Lililochapwa mwaka wa 1940 linajua majina ya vituo vya wakati ule, wala halina habari ya kituo kilichofunguliwa miaka 10 baadaye. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ndipo inapokatika.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kwa kila jina, herufi na rangi iliyomo, uliza: jambo hili lilianza lini, na lilikoma lini? Kati ya tarehe zote za kuanza, chukua ile iliyo ya mwisho kabisa. Gombo haliwezi kuwa la zamani sana kuliko hiyo. Kati ya tarehe zote za kukoma, chukua ile ya mapema kabisa. Gombo haliwezi kuwa jipya sana kupita hiyo. Umri wa gombo umo baina ya mipaka hiyo miwili.

Ili kuitumia kanuni hii, hatuna budi kuijua historia ya reli zenyewe, maana New York haikuanza na reli moja. Ya kwanza kupita chini ya ardhi ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904 na kampuni ya Interborough, inayojulikana kwa kifupi kama IRT. Upande wa Brooklyn kulikuwa na kampuni nyingine ambayo mwaka wa 1923, baada ya iliyoitangulia kufilisika, ilichukua jina la BMT. Ya tatu ilikuwa mali ya jiji lenyewe, iitwayo IND, nayo ilianza kubeba abiria tarehe 10 Septemba 1932. Mwezi Juni 1940 jiji lilizinunua zile kampuni mbili, na reli zote zikawa chini ya usimamizi mmoja.

Lakini kuungana kwa usimamizi hakukuunganisha vibao. Mabehewa ya IRT ni membamba kuliko ya wenzake, na hadi leo hayachanganywi nayo. Mengi ya zamani ya kampuni hiyo hayakuwa na magombo hata kidogo. Yalitumia vibao vya bati vilivyochomekwa dirishani kwa mkono. Kwa hivyo mtu akikuonyesha bati lenye majina ya njia za IRT, usilikatae kwa sababu si kitambaa. Na akikuonyesha gombo la kitambaa akadai lilikuwa katika treni ya kwanza ya mwaka wa 1904, una haki ya kumwomba ushahidi.

Herufi na nambari nazo zina historia zake. IND ndiyo iliyoleta herufi tangu ilipofunguliwa mwaka wa 1932. Utaratibu wake ulikuwa safi: herufi moja ilimaanisha treni ya haraka inayoruka baadhi ya vituo, na herufi iliyorudiwa ilimaanisha treni inayosimama kila kituo. A ilikuwa ya haraka katika barabara ya Eighth Avenue, na AA ilikuwa ndugu yake wa mwendo wa pole. Treni za IRT zilianza kuonyesha nambari kwenye mabehewa yaliyoletwa mwaka wa 1948. Njia za BMT zilipata herufi kwa mabehewa mapya yaliyoanza kazi mwaka wa 1960, na mwezi Novemba 1967, njia mpya iliyopita chini ya barabara ya Chrystie ilipoziunganisha reli za BMT na IND, mpango wa herufi ukaenea kotekote. Hatimaye, mwezi Mei 1985, herufi za kurudiwa zikafutwa. AA ikawa K, RR ikawa R, GG ikawa G, na LL ikawa L.

Hapo pekee msomaji amekwisha kupata silaha. Gombo lenye RR haliwezi kuwa la 1940, maana njia hiyo haikuwa na herufi wakati huo. Gombo lenye GG lilichapwa kabla ya mageuzi ya 1985. Na akiiona NX, amepata johari, kwa kuwa njia iliyoitwa hivyo ilianza Novemba 1967 ikafa Aprili 1968. Haikumaliza hata miezi mitano.

Hata hivyo, herufi moja ikisimama peke yake huweza kumpotosha hodari. Chukua K. Kulikuwa na K iliyohudumia upande wa Jamaica baina ya 1973 na 1976, kisha ikaja K nyingine katika Eighth Avenue baina ya 1985 na 1988. Chukua T pia. Katika miaka ya 1960 ilikuwa ya njia ya West End kule Brooklyn; leo ndiyo herufi iliyowekwa akiba kwa ajili ya njia ya Second Avenue itakapokamilika. Isitoshe, wachapaji walikuwa na desturi ya kuingiza herufi za akiba ambazo hazikuwa zikitumika, ili njia mpya ikianzishwa magombo yasichapwe upya. Kwa sababu hiyo, kuiona herufi kwenye gombo si hakikisho kwamba treni ya herufi hiyo iliwahi kutembea. Herufi ihojiwe pamoja na majina yaliyo jirani yake.

Majina ya vituo vya mwisho ndiyo mashahidi walio imara zaidi. Kituo cha 179th Street huko Jamaica kilifunguliwa Desemba 1950. Kabla ya hapo treni ziliishia 169th Street. Treni za jiji zilianza kwenda Rockaway, ufuoni mwa bahari, mwezi Juni 1956. Kituo cha 57th Street cha Sixth Avenue kilifunguliwa Julai 1968. Kituo cha zamani cha 168th Street kwenye reli ya juu ya Jamaica kilifungwa Septemba 1977, na Jamaica Center kikafunguliwa Desemba 1988. Gombo lenye Jamaica Center, basi, ni la wakati huo au baadaye, hata muuzaji akilia machozi.

Jina jingine lenye uzito ni Hudson Terminal. Hicho kilikuwa kituo cha mwisho cha treni ya E upande wa kusini mwa Manhattan, kwa jina la majengo makubwa yaliyokuwa juu yake. Majengo hayo yalibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupisha World Trade Center, na kituo kikachukua jina jipya. Minara hiyo iliangushwa tarehe 11 Septemba 2001, ila treni ya E inaendelea kuandikwa World Trade Center. Jina la kwanza linatupa mpaka. La pili halitupi mpaka wa juu hata kidogo. Mwenye kusoma magombo lazima ajue tofauti hiyo.

Tukija kwenye rangi, magombo ya zamani ya IND yalikuwa meupe juu ya meusi. Tangu 1967 kila njia ilipewa rangi yake, na miduara ya rangi ikaanza kuonekana. Mwaka wa 1979 ulikuja mpango mwingine, nao ni huu unaotumika leo: njia zote zinazopita katika barabara moja kuu ya Manhattan hugawana rangi moja. Nambari 4, 5 na 6 zikiwa zote za kijani, huo ni mpango wa 1979. Rangi hubadilika pia njia inapohamishwa. M ilikuwa ya rangi ya kahawia. Mwezi Juni 2010 ilipoelekezwa kupita Sixth Avenue, ikawa ya machungwa. Nambari 9 katika duara jekundu, iliyopokezana vituo na treni ya 1, ilianza Agosti 1989 ikakoma Mei 2005.

Tazama vilevile umbo la herufi na kitu zilichochapwa juu yake. Katika magombo ya zamani majina huwa ya herufi kubwa tupu, nyembamba na zilizobanana. Mwaka wa 1966 jiji liliiajiri kampuni ya wasanii wa Unimark, na kitabu cha kanuni za vibao kilichoandaliwa na Massimo Vignelli na Bob Noorda kikatoka mwaka wa 1970, kikiagiza aina ya herufi iitwayo Standard. Helvetica, ambayo wengi huidhania ndiyo iliyokuwako siku zote, ilifanywa rasmi mwaka wa 1989. Ama kuhusu kitu chenyewe, magombo ya mwanzo ni ya nguo, na baadaye ikaja plastiki nyembamba ya poliesta. Plastiki hiyo haikuwa sokoni kabla ya miaka ya 1950. Anayekuuzia gombo la plastiki la mwaka wa 1935 anakuuzia muujiza.

Hebu tuitie kanuni yetu kazini. Tuseme mbele yetu kuna gombo lenye 179th Street, Far Rockaway, Hudson Terminal na herufi AA. 179th Street inatuambia si kabla ya 1950. Far Rockaway inausogeza mpaka hadi 1956. AA inatuambia si baada ya 1985, na Hudson Terminal inaurudisha mpaka huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo gombo ni la baina ya 1956 na takriban 1973. Endapo lina miduara ya rangi, mpaka wa chini unapanda hadi 1967, na tumebakiwa na miaka sita au saba tu. Hatukuhitaji kumwuliza mtu yeyote, wala kunusa kitambaa.

Mipaka hii, bila shaka, si kuta za mawe. Gombo huweza kuchapwa miezi kadhaa kabla ya kituo kufunguliwa, na huweza kuendelea kutumika baada ya jina moja kufa, madamu hakuna atakayeligeuzia jina hilo kiooni. Pia magombo yalitiwa viraka: jina jipya lilichapwa peke yake likabandikwa au kushonwa mahali pa lile lililokufa. Kiraka kisichukuliwe kuwa doa. Ni tarehe ya pili ndani ya hati moja. Mwili wa gombo unasema lilizaliwa lini, na kiraka kinasema bado lilikuwa hai lini. Mnunuzi anayekibandua ili kitambaa kipendeze ameng'oa ukurasa.

Hilo linatufikisha kwenye jambo linalonikera zaidi katika biashara hii, hata kuliko nakala za uongo. Wauzaji wamegundua kwamba gombo zima halienei ukutani, na kwamba vipande vikiuzwa kimoja kimoja huleta pesa nyingi kuliko gombo likiuzwa zima. Basi mkasi huingia kazini. Coney Island huenda kwa huyu, Brooklyn Bridge huenda kwa yule, na majina ambayo hayana mashabiki hutupwa. Watetezi wao husema mali ni ya mwenyewe, na kwamba afadhali kipande kilichotunzwa sebuleni kuliko gombo linalooza ghalani. Ni kweli kwamba mali ni yao. Lakini tumekwisha kuona kwamba shahidi mmoja hatoshi. Nguvu ya gombo imo katika mpangilio wake: jina hili kuwa jirani ya lile. Ukikata, unakata ushahidi.

Nitatoa mfano mmoja. Kulikuwa na reli iliyopita juu ya Third Avenue. Sehemu yake ya Manhattan ilifungwa tarehe 12 Mei 1955. Wakazi walikuwa wamekwisha kuahidiwa reli ya chini ya ardhi katika Second Avenue. Mwaka wa 1951 wapiga kura waliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 wakiamini ndio utakaoijenga, na pesa zikatumika kwingine. Kipande cha Bronx kiliendelea, kutoka 149th Street hadi Gun Hill Road, na mwaka wa 1967 kikapewa nambari 8. Kilihudumia mitaa ya watu wa kipato cha chini. Tarehe 29 Aprili 1973 nacho kilifungwa, kisha kikabomolewa, na wakazi wakapewa basi. Uchimbaji wa Second Avenue ulianza mwaka wa 1972, ukasimamishwa mwaka wa 1975 jiji lilipoishiwa na fedha. Vituo vitatu vipya vilifunguliwa tarehe 1 Januari 2017, vyote katika Manhattan. Mitaa iliyokuwa na treni ya nambari 8 haijarudishiwa reli yake.

Sasa mfikirie mtu aliyenunua kipande kimoja kilichoandikwa Gun Hill Road. Kina thamani gani kama ushahidi? Karibu hakina, maana kuna vituo vya jina hilo kwenye njia nyingine ambazo zinaendelea na kazi. Lakini Gun Hill Road ikiwa katika gombo zima, karibu na 149th Street, na nambari 8 katika gombo la nambari la behewa lile lile, hapo inasema wazi kwamba palikuwa na treni, ilikuwa na jina, na ilikwenda mahali fulani kwa watu fulani. Ramani hubadilishwa na mamlaka kila zinapotaka. Gombo lilikuwa ndani ya behewa lenyewe, mbele ya macho ya abiria, na halikupata nafasi ya kujirekebisha.

Jiji lenyewe limeonyesha kwamba kilichokufa huweza kuheshimiwa. Makumbusho yake ya usafiri yalifunguliwa mwaka wa 1976 ndani ya kituo cha Court Street huko Brooklyn, ambacho kilihudumia abiria kwa miaka 10 tu, 1936 hadi 1946, kabla ya kufungwa kwa uchache wa wasafiri. Lakini makumbusho hayawezi kuhifadhi kila gombo. Mengi yamo mikononi mwa watu binafsi, na uhai wa ushahidi huo unategemea uungwana wao.

Wanaotaka kununua, basi, wanunue kwa macho yaliyofumbuka. Waombe kuliona gombo lote, mwanzo hadi mwisho, zikiwemo ncha zake, kwa kuwa mara nyingine huko ndiko hupatikana alama ya mchapaji au nambari ya mkataba wa mabehewa. Waandike orodha ya majina kwa mpangilio yalivyo. Wapime upana wake, kwani visanduku vya aina mbalimbali za mabehewa havikulingana, na gombo la basi lisije likauzwa kama la treni. Na kama ni lazima likatwe, lipigwe picha zima kwanza, na kila kipande kiandikwe nyuma kilikotoka.

Haya hayawezi kungoja sana. Mabehewa mapya huonyesha mwisho wa safari kwa taa, na taa zikizimwa halibaki neno. Karne ijayo, mtu akitaka kujua treni fulani ya siku zetu iliahidi kumpeleka nani wapi, hatapata kitambaa cha kukunjua. Magombo yaliyobaki ni ya mwisho ya ukoo wao. Anayeyashika mkononi na ashike kwanza kalamu. Mkasi unaweza kusubiri.